Una santuri, kanda na vitabu vya zamani? Chagua soko kabla ya kutaja bei

Huenda nyumbani kwako Shela kuna sanduku ambalo halijafunguliwa miaka mingi. Ndani mna riwaya za Kiingereza zilizoachwa na wageni, CD, kanda za taarabu na santuri mbili tatu za mzee. Umeamua kuviuza kupitia simu. Swali la kwanza ambalo wateja wetu hujiuliza ni, "Niweke wapi tangazo?" Sisi tunakushauri uanze na swali jingine: nani anakitafuta kitu hiki, na yuko wapi? Ukishalijibu hilo, soko linajichagua lenyewe.

Tenga sanduku mafungu matatu

Fungu la kwanza ni vitu vya kawaida: riwaya, vitabu vya shule, DVD za filamu. Mnunuzi wake yuko karibu, Lamu mjini, Malindi au Mombasa. Hapa yanafaa Facebook Marketplace, makundi ya WhatsApp ya mtaani na Jiji, kampuni iliyoinunua OLX ya Kenya mwaka 2019. Katika masoko haya, wewe na mnunuzi mnapatana wenyewe na mnalipana wenyewe. Uzuri wake ni kwamba hakuna mengi ya kukatwa. Ubaya wake, mkikosana hakuna wa kukutetea.

Fungu la pili ni vitu adimu: santuri na kanda halisi za taarabu za zamani, kama za Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, au santuri za lebo ya Mzuri ya Mombasa. Mnunuzi wa vitu hivi anaweza kuwa Uingereza, Ujerumani au Japani. Discogs, iliyoanza mwaka 2000 kama orodha ya rekodi za muziki, ndipo wanapokutana. Hata kama huuzi huko, tafuta namba iliyoandikwa kwenye lebo ya santuri yako uone nyingine kama hiyo ziliuzwa bei gani. Usikubali bei ya mtu wa kwanza anayekuja mlangoni kabla ya kufanya hivyo. Ukiuza Discogs, wao hukata asilimia yao, nawe hulipwa kwa PayPal. Tangu 2018, pesa za PayPal zinaweza kuhamishiwa M-Pesa, lakini angalia kiwango cha kubadilisha fedha kwanza, maana hapo napo kuna makato.

Fungu la tatu usiliuze. Kanda iliyorekodiwa harusini, au yenye sauti ya bibi akiimba, huenda ndiyo peke yake duniani. Itoe nakala kwenye simu, uiweke. Na CD au kanda zilizonakiliwa nyumbani kutoka kwa kazi za wasanii usizitangaze kabisa; Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inakataza biashara hiyo.

Hesabu bahari

Muuzaji wa Nairobi hupeleka mzigo kwa bodaboda. Wa Shela hupanda boti hadi Lamu mjini, kisha mzigo uvuke hadi Mokowe ndipo upande basi. Tuchukue mfano. Umeuza kitabu kimoja Sh300. Tuseme boti kwenda na kurudi ni Sh300, kutuma kifurushi Sh250, karatasi na gundi Sh50. Umetumia Sh600, yaani umempa mtu kitabu na Sh300 juu yake!

Sasa uza riwaya kumi kwa fungu, Sh2,500. Boti ni ile ile Sh300, kifurushi kikubwa tuseme Sh400, kufunga Sh100. Jumla Sh800, unabaki na Sh1,700. Kwa hivyo vitu vya bei ndogo viuze kwa mafungu, au subiri siku unayokwenda mjini kwa shughuli zako nyingine. Na kwenye tangazo andika wazi: nauli ya mzigo ni juu ya nani?

Sema ukweli kuhusu chumvi

Hewa ya pwani haina huruma. Piga picha za ukungu kwenye jalada, alama za mchwa na mikwaruzo ya santuri, kisha zitume kabla hujaulizwa. Kanda icheze, urekodi sekunde chache za sauti. Mnunuzi aliyejua kasoro mapema hana sababu ya kudai arudishiwe pesa baadaye. Ukifunga santuri, itoe ndani ya jalada lake, uiweke kando ya jalada kati ya makaratasi mawili magumu, isije ikapasua kingo njiani.

Pesa kwanza, boti baadaye

Mzigo ukishaondoka jeti, hauna uwezo nao tena. Basi:

1. Patana na mnunuzi kama atatuma na ya kutolea.
2. Ujumbe wa malipo ukifika, usiuamini peke yake, maana hughushiwa. Angalia salio lako.
3. Kupokea pesa hakuhitaji PIN. Anayekuomba PIN ili "akamilishe malipo" ni mwizi, hata akijitambulisha kwa jina letu.
4. Mtu akipiga simu kusema amekutumia pesa kimakosa, usimrudishie wewe mwenyewe. Mwambie awasiliane na huduma kwa wateja.
5. Piga picha risiti ya mzigo, umtumie mnunuzi papo hapo.

Mnunuzi naye ana haki ya kuogopa. Kama hataki kulipa kabla ya kuona, mwombe amtume ndugu au rafiki aliye Lamu mjini. Akague, alipe, achukue. Akikataa hilo pia na bado anakuharakisha utume mzigo leo leo, mwache aende. Santuri iliyokaa miaka arobaini kwenye sanduku inaweza kungoja wiki moja zaidi.