Kurekodi Dramu Nyumbani kwa Vifaa Vichache

Vikundi vingi vya vijana wanaopiga muziki wa rock hukata tamaa mapema. Magitaa wanayo, dramu wanazo, lakini fedha za studio hawana. Studio hulipwa kwa saa, na dramu ndizo zinazokula saa nyingi. Leo tutajifunza kurekodi dramu nyumbani kwa vipaza sauti viwili, au hata kimoja.

Je, inawezekana? Tuangalie mfano wa Uingereza. Mwaka 1971 bendi ya Led Zeppelin ilitoa wimbo uitwao When the Levee Breaks. Dramu zake zilirekodiwa Headley Grange, nyumba ya kijijini iliyojengwa mwaka 1795 kwa ajili ya kutunza maskini. Mpiga dramu, John Bonham, aliketi ukumbini, chini ya ngazi. Fundi Andy Johns akatundika vipaza sauti viwili juu kwenye ngazi hizo. Mashine ya kurekodia ilikuwa nje, ndani ya lori. Mlio ule mzito ulitokana kwa kiasi kikubwa na ukumbi wenyewe. Basi, chumba nacho ni chombo cha muziki.

Sasa tufuate hatua hizi:

1. Tengeneza dramu kwanza. Kaza ngozi sawasawa pande zote. Kanyagio likilia, litie mafuta. Kipaza sauti hakiponyi ngoma mbovu.

2. Kagua chumba. Piga makofi. Mlio ukirudi kwa ukali, tundika mablanketi ukutani na tandika mkeka chini. Kama nyumba ni ya bati, usirekodi mvua ikinyesha!

3. Ukiwa na kipaza kimoja, kiweke mbele ya dramu, hatua mbili hivi, usawa wa kifua cha mpigaji aliyeketi. Matoazi yakizidi, kishushe. Ngoma ya mguu ikizidi, kiinue. Rekodi kidogo, sikiliza, sogeza tena. Ukitumia simu, fanya hivyo hivyo, ila zima mtandao ili mtu asipige katikati ya wimbo.

4. Ukiwa na viwili, kimoja kiwe juu ya ngoma ndogo, kiasi cha mita 1. Cha pili kiwe pembeni, upande wa ngoma kubwa ya chini, kikielekea ngoma ndogo. Chukua kamba, pima kutoka katikati ya ngoma ndogo: vyote viwe umbali mmoja. Njia hii ilipata sifa kwa fundi Glyn Johns, kaka yake Andy.

Kwa nini kamba? Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Ikifika kipaza kimoja kabla ya kingine, mawimbi yake hupingana, na ngoma hulia nyembamba kama debe.

5. Pima nguvu ya sauti. Mpigaji apige kwa nguvu zake zote kabla ya kuanza. Taa nyekundu ikiwaka, punguza. Sauti ndogo huweza kuongezwa baadaye, lakini iliyopasuka imeharibika moja kwa moja.

Wenye kipaza kimoja wasingoje kupata cha pili. Waanze na hicho hicho.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Kwa nini tunapiga makofi chumbani kabla ya kurekodi?
2. Kamba inatusaidia nini?
3. Ipi ni hatari zaidi, sauti ndogo mno au kubwa mno? Eleza sababu.