Mtungi wa Kimo Chako

 Leo nina barua ya msichana anayejifunza kuzamia kaskazini mwa Unguja. Nitamjibu mbele yenu, kwa sababu najua hayuko peke yake.

Anasema ana kilo 46 na kimo chake ni mita moja na nusu. Akishavaa mtungi kwenye boti hainuki mpaka ashikwe mkono. Akiwa majini, kila akitazama mbele kisogo kinagonga valvu. Na hewa ikikaribia kuisha, kitako cha mtungi kinainuka nyuma yake kama kimefungwa puto. Ameomba mtungi mdogo, akajibiwa kwamba huo ni wa watoto. Anauliza: "Dada, nikubali tu kwamba kazi hii si ya watu wa umbo langu?"

Usikubali, mdogo wangu. Bahari haijawahi kumpima mtu kimo. Kinachokusumbua ni chombo kilichochongwa kwa mgongo wa mtu mwingine, na chombo hubadilishwa. Mimi nilibeba mtungi mkubwa misimu miwili kwa kuambiwa nitazoea. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na walioniambia hivyo walikuwa na mabega mara mbili ya yangu. Nilichozoea ni maumivu ya kiuno kila nikipanda ngazi ya boti wakati wa kusi.

Tuanze na jina. Mitaani watu husema "mtungi wa oksijeni". Wewe usiseme hivyo, maana ndani mna hewa hii hii tunayovuta, iliyochujwa na kushindiliwa. Oksijeni tupu huweza kuwa sumu mwilini ukishapita kama mita 6. Anayejua kilichomo mgongoni mwake huheshimiwa anapouliza maswali, na wewe una maswali ya kuuliza.

Mtungi unaokutesa, bila shaka, ni ule wa aluminiamu unaoitwa 80, ambao utaukuta karibu kila kituo cha pwani yetu. Ujazo wake ni lita 11.1, urefu kama sentimita 66, na ukiwa mtupu una uzito wa kilo 14 hivi. Ongeza hewa kilo mbili na nusu, jaketi la kuelea, regyuleta ya kuvutia hewa na risasi za kiunoni, unakaribia kilo 25. Kwa mtu wa kilo 46, hiyo ni zaidi ya nusu ya mwili wake.

Upo ndugu yake mdogo, anaitwa 63. Unene ni ule ule, ujazo kama lita 9, na urefu sentimita 55 au 56. Sentimita kumi hizo ndizo zinazoamua kama utageuza shingo au utagonga kisogo. Uzito wake ni kilo 12 hivi. Kuna na mtungi wa chuma wa lita 10, nao ni mfupi na hujazwa mpaka msukumo wa bar 232, kwa hiyo ukijazwa sawasawa hauachwi nyuma na ule mkubwa wa aluminiamu. Ila chumvi ya bahari hula chuma upesi, ndiyo maana kwetu huuoni mara nyingi.

Sasa hilo puto linaloinuka nyuma yako. Aluminiamu ya 80 ikijaa huzama kidogo, lakini hewa ikipungua mtungi huwa mwepesi, na ukikaribia kuisha hutaka kuelea kwa nguvu ya kilo mbili. Kwa hiyo unafungwa risasi kiunoni tangu mwanzo kwa ajili ya dakika za mwisho. Ule wa 63 huelea kwa kilo moja na kidogo tu. Wa chuma mara nyingi hauelei hata ukikaribia kuisha, na ukiuvaa unaweza kuvua kilo mbili za risasi. Hapo ndipo mwili mdogo unapopata nafuu mara mbili: mtungi umepungua, na risasi imepungua.

Najua swali linalofuata. Hewa itatosha?

Usichukue jibu la mtu mwingine, pima pumzi zako. Siku bahari imetulia, mwombe mwalimu mkae mita 10 kwa dakika 10, mkiogelea pole pole. Soma geji mwanzo, soma na mwisho. Tuseme umetumia bar 22 kwenye mtungi wa lita 11.1. Zidisha, unapata lita 244. Gawanya kwa dakika 10, halafu gawanya kwa 2, kwa sababu kwenye mita 10 msukumo ni mara mbili ya ule wa juu ya maji. Jibu ni kama lita 12 kwa dakika. Hiyo ndiyo pumzi yako, iandike kwenye daftari. Mwanamume mkubwa anayezamia nawe anaweza kutumia 18 au zaidi. Mapafu madogo na mwili mdogo, ukitulia, hula hewa kidogo.

Mpaka hapa unaweza kudhani hesabu imekwisha. Haijaisha, na hapa naomba unisikilize kuliko pote. Mtungi wako una wenyewe wawili. Siku regyuleta ya mwenzio ikigoma, atakuja kwako na macho yamemtoka, na hewa yako ndiyo itakayowapandisha nyote wawili.

Tuihesabu siku hiyo. Mko mita 18, ambako msukumo ni bar 2.8. Kwa hofu, kila mmoja anavuta lita 30 kwa dakika, jumla 60. Dakika moja ya kushikana na kutulia hula lita 168. Kupanda taratibu, mita 9 kwa dakika, ni dakika mbili, lita 228. Mkisimama dakika 3 kwenye mita 5, kama mlivyofundishwa, ni lita 270 nyingine. Jumla lita 666. Kwenye mtungi wa lita 11.1 hizo ni bar 60. Kwenye mtungi wa lita 9 ni bar 74.

Umeona? Geji haisemi una hewa kiasi gani. Inasema hewa imeshindiliwa kiasi gani. Bar 50 za mtungi mkubwa ni lita 555, na bar 50 za mtungi mdogo ni lita 450. Ukivaa mtungi mdogo halafu ukashika kanuni ya mwenye mtungi mkubwa, utakuwa umemdhulumu mwenzio bila kujua. Kwa hiyo anza kupanda ukifika bar 75, na umwambie mapema, mkiwa bado botini, kwamba namba yako ni hiyo.

Tuone sasa kama bado unafaidi. Toka bar 200 mpaka 75 kwenye lita 9 ni lita 1,125. Kwa pumzi yako ya lita 12, kwenye mita 18 unatumia kama 34 kwa dakika, kwa hiyo una dakika 33 chini. Mwenzio wa lita 18, mwenye mtungi mkubwa, akiacha bar 60 zake, ana dakika 30 au 31. Yeye ndiye atakayekuonyesha kidole gumba juu, yaani tupande, na wewe bado una hewa yako na akiba ya watu wawili. Atakayekwambia tena kwamba mtungi mdogo ni wa watoto, mpe hesabu hiyo kwa adabu.

Lakini usiufanye kuwa mtungi wa kila mahali. Kwenye zile kuta za miamba ya Pemba zinazoshuka kizani, ukifika mita 30 akiba hiyo hiyo ya watu wawili inapita lita 1,000. Kwenye lita 9 ni bar 112, yaani zaidi ya nusu ya mtungi. Siku ya kina, au ya mkondo mkali, au siku utakayoongoza wageni, chukua mkubwa, au wa chuma wa lita 10 ukipatikana. Uukatae mdogo kwa sababu ya hesabu siku hizo, kama unavyouchagua kwa sababu ya hesabu siku nyingine.

Na siku ambazo hakuna kingine ila ule wa 80? Usiubebe. Waombe mabaharia waushushe majini pamoja na jaketi lililojazwa hewa, uvalie humo humo. Ukimaliza, toa risasi kwanza, wapokee, kisha jaketi na mtungi, ndipo upande ngazi. Wazamiaji wakubwa nao hufanya hivyo kwenye boti ndogo. Kabla ya kufunga mkanda wa jaketi, ushushe mtungi kidogo mpaka valvu isikuguse kisogo unapotazama juu, lakini uangalie kitako kisikupige makalio. Na risasi moja ya kilo moja ihamishie chini ya mtungi, ikishike kitako kisipande.

Ukibadili mtungi, pima risasi upya. Fanya hivyo kwenye maji mafupi, mtungi ukiwa umebaki bar 50. Toa hewa yote ya jaketi, na uone kama unaweza kukaa mita 5 bila kupigana na maji. Ukishindwa, ongeza kidogo. Ukizama kama nanga, punguza. Na uwe mkubwa au mdogo, soma mihuri iliyogongwa begani mwa mtungi uone ulipimwa lini kwa msukumo wa maji. Kanuni ya Marekani ni kila miaka 5, na ndani hukaguliwa kila mwaka. Mtungi uliopitwa na tarehe urudishe, hata kama boti imeshawashwa.

Kesho asubuhi nenda kwa mwalimu wako na daftari mkononi. Usimwambie "mtungi huu mzito," atakuambia uzoee. Mwambie: "Pumzi yangu ni lita 12, tunakwenda mita 18, naomba wa lita 9, nitaanza kupanda kwenye bar 75." Mwalimu wa kweli atafurahi, kwa sababu utakuwa umeshamhesabu na mtu utakayezamia naye.

Dada yenu.