Chakula cha Kwetu si cha Kuonea Haya



Somo letu la mara hii linahusu meza ya nyumbani, ile tunayoiandaa kwa mikono yetu kila siku. Fungueni Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 17. Wengi tunaikumbuka sura hiyo kwa ajili ya Goliathi na kombeo. Lakini kabla ya jiwe kulikuwa na mzigo wa chakula. Mzee Yese alikuwa na wana watatu vitani. Akamwita mdogo wao, Daudi, akampa bisi na mikate kumi awapelekee ndugu zake, na jibini kumi za kumpa mkuu wa kikosi. Hapo tunamwona mzazi akitoa chakula cha nyumbani kwake ili kiwafikie watoto walio mbali.

Kila nisomapo habari hiyo nakumbuka kopo moja la samli. Nitawaeleza kwanza habari zake, kisha tuendelee na somo.

1. Kopo la samli

Mwaka 1980 nilikuwa mwanachuo katika chuo cha ualimu nje ya mkoa wetu. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, na bidhaa zilikuwa adimu. Sukari na sabuni zilitafutwa kwa foleni. Mama yangu, mkulima wa Muleba, alikusanya maziwa ya ng'ombe wake wawili kwa majuma kadhaa, akatengeneza samli, akaijaza katika kopo la maziwa ya unga. Akalifunga kwa majani makavu ya mgomba, akapanda basi hadi Bukoba, na kulikabidhi kwa jirani aliyekuwa akisafiri kwa meli ya Mwanza.

Kopo lilifika salama. Nilipolifungua bwenini, wenzangu waliotoka mikoa mingine walishika pua. Mmoja aliuliza ni kitu gani kilichokufa. Wote wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Usiku ule nikalichukua lile kopo nikalimwaga katika shimo la taka.

Wakati wa likizo Mama aliniuliza, "Mwanangu, ile samli ilifika? Wenzako waliipenda?" Nikajibu, "Ilifika, Mama. Waliipenda sana." Alifurahi mno. Muhula uliofuata akatuma makopo mawili: moja langu, na moja la hao wenzangu walioipenda. Hayo sikuyatupa. Nilimpa mpishi wa chuo, akanishukuru kuliko nilivyostahili. Mama alifariki dunia miaka mingi baadaye, nami sikuwahi kumwambia ukweli.

2. Wafaransa na jibini inayonuka

Nilipokuwa mwalimu wa jiografia nilisoma habari za ukulima wa Ufaransa, nikakutana na jambo lililonishangaza. Huko kusini kiko kijiji kiitwacho Roquefort. Watu wake hutengeneza jibini ya maziwa ya kondoo, kisha huiweka katika mapango ya mlima yenye ubaridi na unyevu, mpaka iote kuvu ya buluu ndani yake. Harufu yake ni kali. Je, wanaionea haya? La. Tangu mwaka 1925 sheria ya nchi hulinda jina hilo, na jibini isiyopita katika mapango ya hapo haiwezi kuuzwa kwa jina la Roquefort. Kaskazini, katika jimbo la Normandy, kiko kijiji kidogo cha Camembert, nacho chajulikana duniani kwa jibini yenye jina lake.

Tena katika milima ya Jura, mashariki, hutengenezwa jibini iitwayo Comté. Gurudumu moja la jibini hiyo lina uzito wa kilo 40 hivi, nalo huhitaji maziwa karibu lita 400. Mkulima mwenye ng'ombe wachache hawezi kupata maziwa hayo peke yake kwa siku moja. Kwa hiyo tangu zamani wanakijiji huleta maziwa yao mahali pamoja na kugawana mapato. Sisi wa Kagera, tuliolelewa na ushirika wa kahawa, twaielewa njia hiyo bila kuelezwa sana.

Msafiri akiingia katika hoteli ndogo ya kijiji cha Ufaransa, kwa kawaida hupewa chakula cha siku hiyo, kilichopikwa kwa mazao ya pale pale. Huanza na kitu chepesi, kisha nyama au samaki na mboga, halafu jibini, na mwisho kitu kitamu. Mwaka 2010 shirika la UNESCO liliuingiza mlo huo wa Kifaransa katika orodha ya urithi wa wanadamu. Tujiulize: wale wakulima wametuzidi nini? Ng'ombe tunao. Tofauti niliyoiona mimi ni kwamba wao humwekea mgeni kile wanachokula wenyewe, na humtajia jina la kijiji kilikotoka.

3. Maziwa yale yale, njia mbili

Tujifunze kidogo sayansi ya jambo hili. Maziwa mabichi hayakai. Kila taifa la wafugaji limelazimika kutafuta njia ya kuyahifadhi. Mfaransa huyagandisha kwa kutumia kimeng'enya kinachopatikana katika tumbo la ndama, huondoa maji, huweka chumvi, na kubaki na ile sehemu nzito yenye protini na mafuta. Hiyo ndiyo jibini, na katika pango baridi huweza kukaa miezi.

Bibi zetu hawakuwa na mapango ya baridi. Wao walishika mafuta. Waliyaacha maziwa yagande, wakayatikisa katika kibuyu mpaka siagi ikajitenga, wakaiosha kwa maji safi, kisha wakaiyeyusha motoni taratibu hadi maji yote yakauke. Mafuta yasiyo na maji hayaharibiki upesi. Ndiyo maana kopo la Mama liliweza kusafiri ziwani siku kadhaa bila barafu wala jokofu. Na yale maziwa yaliyobaki kibuyuni hayakumwagwa, tuliyanywa.

Mimi niliyesoma chuoni sikuijua sababu hiyo. Mama ambaye hakusoma aliijua kazi yake barabara.

4. Meza yetu ina nini?

Hebu tuhesabu. Tuna ndizi za kupika. Mpishi hodari huzimenya akiwa amepaka mikono mafuta ili utomvu usimchafue. Maharage hutangulia jikoni hadi yakaribie kuiva. Ndizi huwekwa juu yake, hufunikwa kwa majani ya mgomba, na moto hupunguzwa. Majani hayo huzuia mvuke, na huongeza harufu ambayo sufuria tupu haina. Mwisho hutiwa samli kidogo. Chakula hiki ni bora kwa afya pia: ndizi hutupa nguvu, na maharage hutupa protini za kujenga mwili. Mtoto anayelishwa ndizi tupu bila maharage, dagaa, maziwa au mayai hushiba, lakini hakui vizuri.

Tuna samaki wa ziwa. Ukifika mwalo wa Nyamkazi, pale Bukoba mjini, waweza kununua sato aliyevuliwa karibuni. Tuna senene, ambao huja kwa majira ya mvua, hasa Novemba na Desemba. Huondolewa mabawa na miguu, hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe, na wakikaushwa vizuri hukaa muda mrefu. Tuna kahawa, ya kunywa na ile ya kutafuna, ambayo huchemshwa na majani ya kunukia, ikaanikwa, na kuwekwa mkononi mwa mgeni kabla hajaulizwa shida yake.

Na hoteli zetu? Nenda kwa mama lishe, karibu na stendi ya Bukoba au ya Muleba, saa saba mchana. Utakuta ndizi na maharage, ndizi na nyama, samaki wa mchuzi. Hicho ndicho chakula cha nchi yetu, na bei yake mwalimu mstaafu aiweza. Lakini tukipata mgeni wa heshima, kutoka Dar es Salaam au Ulaya, twafanya nini? Twampeleka penye chipsi na soda. Mwaka mmoja tulipokea wageni, nami nilikuwa katika kamati ya mapishi. Tuliwapa chipsi na kuku siku tatu mfululizo. Siku ya nne mmoja wao alipita nyuma ya nyumba, akawaona vijana waliokuwa wakiosha vyombo wanakula ndizi kwenye jani. Akauliza kwa upole, "Je, hiki ni chakula cha wafanyakazi tu?" Tulikosa la kumjibu. Akaketi mkekani, akala pamoja nao, akaomba tena.

Huenda wengine watasema, chipsi nazo ni chakula. Ni kweli, wala sikatazi. Lakini mgeni akila chipsi kwetu hajala kwetu.

5. Jaribio la kufanya nyumbani

Si vibaya kujifunza cha wenzetu pia. Jibini laini yaweza kutengenezwa jikoni kwako bila mashine. Chukua lita 2 za maziwa safi. Yachemshe mpaka yapande, kisha uyaepue. Tia maji ya ndimu kijiko kimoja kimoja, ukikoroga polepole. Vijiko vikubwa vinne hadi sita hutosha. Utaona maziwa yanakatika, na maji ya rangi ya kijani hafifu yanajitenga. Chuja kwa kitambaa safi kilichochemshwa, tia chumvi, kunja kitambaa, na ukigandamize kwa jiwe safi saa mbili. Utapata jibini kama robo kilo au zaidi kidogo. Ile siku hiyo au kesho yake, maana haikai. Vipande vyake vikikaangwa vikatiwa juu ya ndizi, watoto hawatabakiza. Yale maji yaliyochujwa usiyamwage, yapikie uji.

6. Hatari iliyo mbele yetu

Ndugu zangu, mambo mawili yaweza kuiondoa meza hii.

La kwanza ni ugonjwa. Mnyauko wa migomba uligunduliwa Muleba mwaka 2006, na umekwisha kuharibu vibanja vingi. Majani hugeuka njano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati, na ndani huoza. Dawa ya kuutibu mgomba ulioshikwa hakuna. Ng'oa mgomba mgonjwa mapema. Safisha panga kwa moto au kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kugusa mgomba mwingine. Ondoa ua la chini kwa kijiti chenye panda badala ya panga, mara tu chane ya mwisho inapotokea. Usipokee machipukizi usiyojua yametoka wapi.

La pili halina panga la kulikata. Ni ile aibu niliyokuwa nayo bwenini. Mjukuu wangu wa miaka kumi na sita, msichana mwenye akili, ajua kupika tambi, lakini hajui kufunika ndizi kwa majani wala kutikisa kibuyu. Si kosa lake. Mimi bibi yake, mwalimu wa wengi, sikumwonyesha. Nilidhani nimemsaidia. Mwezi uliopita tuliketi wote wawili jikoni na kibuyu cha kuazima. Tulitikisa tangu asubuhi hadi mikono ikauma, na siagi iliyopatikana ilijaza kikombe kimoja tu. Tulipoiyeyusha, nyumba nzima ikanuka harufu ile ile ya bwenini. Mjukuu akauliza, "Bibi, mbona unalia?" Nikamwambia ni moshi. Halafu nikaona nimekwisha kusema uongo wa kutosha juu ya samli, nikamweleza yote.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hii tusiimalize. Nitaenda nayo shuleni."

7. Maswali ya kujadili

Maswali haya yaweza kutumika katika vikundi vya nyumba kwa nyumba, Umoja wa Akina Mama na vijana.

(a) Yese alituma chakula kwa wanawe. Je, wewe ulitumiwa nini na wazazi wako, nawe unawatumia nini walioko mbali?

(b) Mgeni akija kwako kesho, utampa chakula gani? Ni kwa sababu ya upendo, au ni kwa kuogopa kuchekwa?

(c) Katika Luka sura ya 14 Bwana alisema tuwaalike nani mezani? Je, katika mtaa wetu ni nani ambaye hajaalikwa mwaka huu?

(d) Taja chakula kimoja ambacho bibi yako alikijua na wewe hukijui. Ni nani aliye hai anayeweza kukufundisha? Utakwenda kwake lini?

Swali la mwisho lisijibiwe kwa maneno. Nendeni kwa wazee hao wakingali na nguvu za kushika kibuyu. Mungu azibariki meza zenu.