Ndugu Yetu wa Barazani

Ndugu wanafunzi, nyote mnawajua vijana wanaolala kwenye mabaraza ya maduka, ambao mitaani huitwa mateja. Tujifunze namna ya kuishi nao.

Imepokewa katika Sahihi ya Imam Bukhari kwamba mtu mmoja aliletwa mara kwa mara mbele ya Mtume (S.A.W.) kwa kunywa pombe, akaadhibiwa. Mmoja wa waliohudhuria akamlaani. Mtume (S.A.W.) akakataza asilaaniwe, akashuhudia kuwa mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Tuzingatie: ulevi haukuhalalishwa, wala udugu haukukatwa.

Basi tumwite kwa jina alilopewa na wazazi wake. Tumpelekee chakula badala ya fedha, tukiongozana na mkubwa. (Wanaowarushia mawe wakitoka chuoni tunawajua.)

Wengine husema, "Angetaka angeacha." Aliyezoea heroini akiikosa hupata arosto: mwili humuuma, hutapika, huharisha, halali usingizi. Kwa ajili hiyo Hospitali ya Muhimbili ilianza mwaka 2011 kutoa methadoni, dawa inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu. Kila siku maana yake nauli ya kila siku, na asiye na nyumba ataipata wapi? Sadaka yetu ya Ijumaa inaweza kuilipa.

Wazazi nao walishike hili: aliyetoka soba hausi mwili wake umeshausahau unga, na akirudia kipimo cha zamani anaweza kufa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kabla hajatoka, kitanda chake nyumbani kiwe kimeshatandikwa.