Nyama ao maharagi? Kwanza tuangalie sahani ni ya nani



Katika mikutano yetu ya Nyiragongo, Masisi na Rutshuru, kuna mabishano ambayo hayaishi. Wamoja wanasema: "Maharagi na sombe ni chakula cha maskini. Mtu wa nguvu ni yule anakula nyama." Wengine wanajibu: "Wazee wetu walikula maharagi, mihogo na lengalenga, na walizeeka vizuri. Ni hizi broshete na sosison za Goma zinatuletea tansio na ugonjwa wa sukari."

Katika somo hili tutasikiliza pande zote mbili. Tutaangalia mambo ambayo waganga na watafiti waliona karibu na kwetu, kule Uganda, Kenya na Tanzania. Kisha tutaona namna ya kufanya nyumbani na katika koperative.

Jibu letu kwa kifupi ndilo hili: pande zote mbili ziko na haki, lakini hazizungumzi juu ya mtu mmoja. Mtoto mdogo na mama mwenye mimba wanahitaji chakula kidogo cha mnyama: nyama, samaki, yai ao maziwa. Mtu mzima, yeye, analindwa kwa miaka mingi na maharagi, mboga na matunda. Shida yetu ni kwamba katika nyumba nyingi tunagawa kinyume.

1. Daktari aliyeona magonjwa mawili

Kulikuwa daktari mmoja Mwingereza, jina lake Hugh Trowell. Alifanya kazi Kenya na Uganda kuanzia 1929 mpaka 1958, na miaka mingi alikuwa katika hospitali ya Mulago, Kampala. Pale aliona watoto wengi waliovimba miguu na uso, nywele zikibadilika rangi, ngozi ikitoka. Ni ugonjwa ambao waganga wanaita kwashiorkor. Hapa Kivu tunauita bwaki. Wengi kati ya watoto hao walikuwa wameachishwa ziwa, na chakula chao kilikuwa ndizi ao mihogo karibu siku zote, bila maziwa, bila samaki, maharagi kidogo sana. Mwaka 1954 yeye na wenzake walitoa kitabu juu ya ugonjwa huo.

Lakini Trowell aliona pia jambo lingine. Watu wazima wa vijijini, ambao walikula mboga, maharagi, mahindi na ndizi, hawakuwa na magonjwa mengi ambayo yalijaa katika hospitali za Ulaya: moyo kuziba, ugonjwa wa sukari wa watu wanene, kanseri ya utumbo mkubwa. Mwenzake wa Mulago, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, aliona vilevile. Mwaka 1975 wawili hao walitoa kitabu pamoja, wakaeleza kwamba vyakula vilivyosafishwa mno viwandani, vilivyonyimwa nyuzinyuzi, vinachangia magonjwa hayo.

Nyuzinyuzi ni ile sehemu ya mumea ambayo tumbo haiwezi kusaga yote. Inasafisha utumbo, inapunguza mwendo wa sukari kuingia katika damu, na inalisha vijidudu vizuri vinavyokaa ndani ya utumbo wetu. Maharagi iko nayo nyingi. Nyama haina hata kidogo.

Basi daktari mmoja, hospitali moja, magonjwa mawili. Moja lilikuwa la watoto waliokosa, lingine la watu wazima waliozidisha. Tukikumbuka hilo, mabishano yetu yanapoa.

2. Upande wa maharagi: mtu mzima

Mwaka 2025 watafiti wa Moshi, Tanzania, pamoja na wenzao wa Uholanzi, walitangaza jaribio walilofanya na wanaume 77 wenye afya, kutoka eneo la Kilimanjaro. Vijana wa kijijini, waliozoea ndizi, maharagi na mboga, walilishwa chakula cha namna ya Ulaya kwa wiki mbili: vya kukaanga na vya viwandani. Vijana wa mjini, wao, walirudishwa kwa chakula cha wazee wao kwa wiki mbili. Kisha wakapimwa damu.

Kwa wale walioacha chakula cha kijijini, damu ilionyesha alama za uchochezi, yaani mwili ulikuwa kama unapigana vita ndani bila adui, na kinga yao ikajibu vijidudu kwa udhaifu zaidi. Uchochezi wa namna ile ukidumu miaka, unafungua mlango kwa magonjwa ya moyo na ya sukari. Kwa wale waliorudia chakula cha wazee, uchochezi ulishuka, na sehemu ya mabadiliko hayo ilikuwa bado inaonekana wiki nne baadaye. Wiki mbili tu!

Kikundi cha tatu kilikunywa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kwa wiki moja, na damu yao pia ilionyesha mabadiliko mazuri. Wababa wasikimbilie kasiksi kwa sababu ya hilo. Pombe iko na madhara yake kwa ini, kwa mfuko na kwa amani ya nyumba.

Na nyama yenyewe? Mwaka 2015, tawi la Shirika la Afya Duniani (OMS) linalochunguza kanseri lilitangaza kwamba nyama iliyotengenezwa, kama sosison, jambo na nyama za makopo, inaleta kanseri ya utumbo mkubwa. Walisema kila gramu 50 kwa siku zinaongeza hatari kwa karibu 18 kwa mia. Nyama nyekundu ya kawaida, ya ng'ombe, mbuzi ao nguruwe, waliiweka katika kundi la vitu ambavyo pengine vinaleta kanseri. Hiyo haimaanishi kwamba mtu akila kipande cha mbuzi siku ya sikukuu atagonjwa. Hatari inatoka kwa wingi, na kwa kurudia kila siku, miaka na miaka.

Kwa protini, tusidharau maharagi. Gramu 100 za maharagi makavu ziko na protini karibu gramu 22. Gramu 100 za nyama mbichi ya ng'ombe ziko na karibu gramu 20. Maharagi ikiliwa na mahindi ao mchele, protini zinakamilishana. Fufu ya mihogo peke yake, hapana: inashibisha, lakini haijengi.

3. Upande wa nyama: mtoto na mama

Sasa tuende Embu, Kenya. Kati ya 1998 na 2000, watafiti walichukua shule 12 za vijijini. Watoto wa mwaka wa kwanza walipewa githeri, chakula cha mahindi, maharagi na mboga, saa ya mapumziko. Kikundi kimoja kilipewa githeri yenye nyama kidogo ya kusaga. Cha pili kilipewa githeri na kikombe cha maziwa. Cha tatu kilipewa githeri iliyoongezwa mafuta, ili nguvu ya chakula ilingane. Cha nne hakikupewa chakula shuleni.

Watoto wa nyama waliendelea zaidi katika jaribio la kufikiri, misuli ya mikono ikaongezeka, na uwanjani walicheza na kuongoza wenzao zaidi. Kwa watoto wa maziwa, wale waliokuwa wafupi kwa umri wao walirefuka zaidi. Mafuta yaliongeza nguvu ya chakula, lakini hayakufanya kazi ya nyama wala ya maziwa.

Kwa nini? Kwa sababu katika chakula cha mnyama kuna vitu ambavyo mumea haitoi, ao inatoa kwa shida. Vitamini B12, inayojenga damu na mishipa ya akili, haipatikani katika maharagi wala mboga. Madini ya chuma ya nyama yanaingia mwilini kwa urahisi kuliko yale ya mboga. Zinki pia. Na tumbo la mtoto ni dogo: hawezi kula sahani kubwa ya maharagi ili apate vyote.

Hapa Congo, uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 ulionyesha kwamba watoto 43 kwa 100 wenye chini ya miaka 5 ni wafupi kuliko umri wao. Ufupi huo si wa ukoo tu. Unatokana na chakula na magonjwa ya miaka miwili ya kwanza, na baada ya hapo ni vigumu sana kurekebisha. Njo maana OMS inashauri mtoto wa miezi 6 mpaka 23 apate nyama, samaki ao yai kila siku.

4. Nani anakula nyama nyumbani kwetu?

Tujiulize bila kuficha. Siku nyama inapoingia nyumbani, vipande vikubwa vinaenda kwa nani? Kwa baba na kwa wageni. Watoto wakubwa wanapata mfupa. Mdogo wa mwaka mmoja anapata mchuzi juu ya fufu, na tunasema ameonja. Lakini mchuzi ni maji, chumvi na mafuta kidogo. Protini na chuma vimebaki ndani ya kipande. Mama mwenye mimba anakula mwisho, kile kimebaki. Na baba yule mwenye miaka 50, ambaye tayari tansio inapanda, ndiye anaongeza broshete jioni na chumvi juu.

Ni kinyume. Heshima ya baba haitapotea kama akisema mwenyewe mezani: "Kipande hiki ni cha mtoto." Katika nyumba ambayo baba anasema hivyo, mama hatagombana na mtu.

Na kuna jambo la soko. Tunachukua mayai yote, tunauza, tunanunua biskwiti na sukari kwa watoto. Tunauza maziwa ya Masisi mpaka tone la mwisho ili itengenezwe fromaji ya kwenda Goma na Kinshasa. Pesa ni ya lazima: kuna masomo, kuna dawa. Lakini tukiuza yai la mtoto ili kumnunulia biskwiti, tumepoteza mara mbili.

5. Namna ya kufanya

Kwa mtoto kuanzia miezi 6:
- Endeleeni kumnyonyesha. Mpeni yai moja lililoiva vizuri, ao sambaza.
- Sambaza za Ziwa Kivu ni nyama ya bei ndogo. Zikausheni, zichomeni kidogo, twangeni mpaka unga, chujeni, mtie kijiko kimoja katika uji. Zikitwangwa na mifupa, zinatoa pia kalsiamu.
- Nyama ya mtoto ikatwe ndogondogo sana ao itwangwe. Mchuzi peke yake hautoshi.
- Maziwa ichemshwe.

Kwa mama mwenye mimba na anayenyonyesha: kipande chake kitolewe kwanza, kabla sufuria haijagawiwa.

Kwa watu wazima:
- Maharagi kila siku ikiwezekana. Iloweke usiku kucha, umwage yale maji, upike. Itaiva haraka na haitasumbua tumbo.
- Kula nayo tomati, ndimu, mapera ao chungwa. Vitamini C inasaidia chuma ya maharagi iingie mwilini. Chai inazuia, basi tuinywe saa moja baada ya chakula.
- Mboga na matunda gramu 400 kwa siku, yaani kiganja kama mara tano: kabichi na karoti za Kibumba, lengalenga, avoka, ndizi.
- Sombe itwangwe vizuri na ichemke muda mrefu bila kufunikwa, ili sumu ya mihogo itoke. Mawese kidogo inatosha.
- Chumvi isipite kijiko kidogo kimoja kwa siku kwa mtu. Makayabo iloweke usiku, mbadilishe maji mara mbili.
- Nyama nyekundu mara moja ao mbili kwa wiki inatosha. Sosison iwe ya mara chache sana.

Mtoto akivimba miguu, ao akikonda sana, musijaribu kumponyesha nyumbani na nyama. Mpelekeni santri ya afya siku ileile.

6. Kazi ya koperative

Wengi wetu tulipoteza ng'ombe na mbuzi kwa vita, na tuliporudi tulikuta zizi tupu. Tusingoje ng'ombe arudi. Kuku, sungura na kobayi, ambao wengine wanawaita dende, wanakula majani na mabaki ya jikoni, na wanazaa haraka. Kobayi mtu anaweza hata kuwabeba ndani ya kitunga akilazimika kukimbia.

Kwa mbegu, waulizeni waagronomi juu ya aina za maharagi zenye chuma nyingi, ambazo INERA ya Mulungu na wenzake wamefanyia utafiti hapa Kivu. Shamba ni lilelile, kazi ni ileile, lakini sahani inakuwa na chuma zaidi.

Na tunapendekeza kanuni moja: sehemu ya mtoto itolewe kabla ya soko. Tuseme kuku watatu wametoa mayai 9 kwa wiki. Manne yabaki kwa mtoto mdogo, matano yauzwe. Siku zingine za wiki apate sambaza. Koperative za maziwa zinaweza kufanya vilevile: kila nyumba yenye mtoto ibakize kikombe kimoja kabla ya kubeba bidoni.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Mara ya mwisho nyama ilipoingia nyumbani kwako, nani alipata kipande kikubwa? Nani alipata mchuzi tu?
2. Kwa mwezi mmoja, koperative yetu inauza mayai ao maziwa kiasi gani? Ni sehemu gani inaweza kubaki kwa watoto bila kuharibu pesa ya masomo?
3. Wababa watatu wako tayari kuanza mwezi huu, ili mkutano ujao watueleze ilikwenda namna gani?