Dondoo muhimu: Ukitaka uzamivu wa uchumi

Anza na hisabati. Wengi wanaokwama hukwama hapo, si kwenye uchumi wenyewe. Kalkulasi, matriki na takwimu ziwe mkononi kabla hujaomba nafasi.

Katika mpango wa pamoja wa AERC, taasisi ya utafiti wa uchumi iliyoanzishwa 1988 yenye makao yake Nairobi, mwanafunzi husoma kwanza uchumi mdogo, uchumi mpana na mbinu za kiidadi katika vyuo shiriki, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mitihani ya kina hufuata, na masomo ya kuchagua hufundishwa kwa pamoja. Mitihani hiyo usijiandae nayo peke yako; undeni kikundi, mfanye maswali ya miaka iliyopita.

Tasnifu ndiyo yenye kazi kubwa. Kabla ya kuandika pendekezo, hakikisha data za kujibu swali lako zipo na unaruhusiwa kuzitumia, maana swali zuri lisilo na data litakula miaka yako bure. Jifunze Stata au R mapema. Na tafuta msimamizi anayesoma rasimu na kuzirudisha kwa wakati, hata kama jina lake si kubwa.