Dondoo muhimu: Ukurasa unaoenea kwenye simu

Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Kongo (DRC), wengi hufungua intaneti kwa simu. Mbunifu wa ukurasa aanze basi na kioo chembamba, cha pikseli 360 hivi, ndipo apanue. Ethan Marcotte wa Marekani alipoieleza mbinu ya ukurasa unaojirekebisha kufuata kioo mwaka 2010 alitaja mambo matatu: gridi inayonyumbulika, picha zinazonyumbulika, na masharti yanayofuata upana wa kioo.

Msimbo wa ukurasa uwe na agizo la width=device-width. Agizo hilo likikosekana, simu huuchora ukurasa kwa upana wa kompyuta, mara nyingi pikseli 980, kisha huubana mpaka herufi zisisomeke.

Jedwali ndilo hutesa zaidi. Bei za mchele, mawese na mihogo zikipangwa kwa safu tano, msomaji atavuta kioo kushoto na kulia hadi achoke. Kwenye simu kila bidhaa ipewe kisanduku chake, kimoja chini ya kingine. Kuanzia pikseli 768 jedwali lirudi.

Vitufe vifuate urefu wa maneno, kwani Kiswahili na Kifaransa havilingani, na kimo kisipungue pikseli 48. Picha zisizidi asilimia 100 ya upana, tena simu itumiwe faili ndogo: megabaiti hununuliwa kwa pesa.